Miji tisa kwa miaka 38: safari ya ekipe ya pili ya Calgary

Mwaka 2022, kabla hata ya msimu kuisha, wapenzi wa hoki ya barafu wa Stockton, mji wa California ya kati, waliambiwa kwamba ekipe yao inaondoka. Stockton Heat ilikuwa imemaliza ya kwanza katika kundi lake na ilikuwa bado inapigania kombe. Jumba la kuchezea lilikuwepo, wachezaji walikuwepo, na watu wa kununua tikiti walikuwepo, hata kama si wengi sana. Lakini mwenye ekipe alikaa Calgary, Kanada, na mwenye ekipe alikuwa ameamua kwamba mtoto wake arudi nyumbani.

Stockton haikuwa ya kwanza kuambiwa hivyo. Kuanzia mwaka 1984, klabu ya Calgary Flames iliweka ekipe yake ya pili katika miji tisa, miwili ya kwenye bahari ya Atlantiki, mmoja karibu na bahari ya Pasifiki, mingine katikati ya mabonde na tambarare za Marekani. Mji wa kumi ni Calgary yenyewe. Iliichukua klabu hiyo miaka 38 kufika kwenye mlango wa nyumba yake.

Kwa msikilizaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi ambaye hajawahi kuona mchezo huu, maelezo machache yanatosha. Hoki ya barafu inachezwa ndani ya jumba, juu ya sakafu ya maji yaliyogandishwa kwa mashine. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, wanateleza kwa viatu vyenye visu chini, na kwa fimbo ndefu wanasukuma kisahani kigumu cheusi kwenda kwenye goli. Ni mchezo wa kasi na wa kugongana, kwa hiyo watu wanaumia mara kwa mara. Hapo ndipo habari ya ekipe ya pili inapoanzia.

Ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini, NHL, ina klabu 32. Kila klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 23 kwenye orodha ya kawaida. Mtu akivunjika mkono asubuhi, mwingine anatakiwa jioni. Huyo mwingine anakaa katika ligi ya pili, AHL, iliyoanza mwaka 1936 na ambayo leo nayo ina ekipe 32, moja kwa kila klabu kubwa. Chini yake kuna ligi ya tatu, ECHL. Kijana anatia sahihi na klabu kubwa, klabu inampeleka chini kujifunza, na siku akihitajika anaitwa juu. Mkataba wa wengi wao una mishahara miwili: akicheza chini analipwa bei moja, akicheza juu analipwa bei nyingine iliyo kubwa mara nyingi zaidi. Wapenzi wa kabumbu wa Lubumbashi hawatashangaa sana, maana wamewaona vijana wakitoka CS Don Bosco kwenda TP Mazembe. Tofauti ni kwamba Don Bosco na Mazembe wako mji mmoja. Katika hoki, swali la mahali pa kumweka mdogo limesumbua wakubwa kwa miaka mingi, na jibu lake limegharimu miji mingi feza nyingi.

Flames wenyewe ni wahamiaji. Klabu ilizaliwa Atlanta, kusini mwa Marekani, mwaka 1972, na jina lake, maana yake ndimi za moto, linakumbusha moto ulioteketeza mji huo mwaka 1864 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilipata hasara, mwenyewe akaiuza kwa dola milioni 16, na mwaka 1980 ikapelekwa Calgary, mji wa mafuta na wafugaji wa ng'ombe magharibi mwa Kanada. Jina halikubadilishwa. Mji ambao haukuhusika kamwe na moto ule ukalichukua kama lilivyo.

Katika miaka ya mwanzo Calgary iliegemea ligi ndogo iliyokuwa katikati ya Marekani, lakini ligi hiyo ilivunjika mwaka 1984. Klabu ikatafuta kwingine, ikaenda Moncton, katika jimbo la New Brunswick, karibu na Atlantiki. Tazama ramani: ni upande wa pili wa Kanada kabisa. Wakati ule hilo halikuonekana kama wazimu. AHL ilikuwa ligi ya mashariki, ekipe zake zilisafiri kwa basi kutoka mji hadi mji, na aliyetaka vijana wake wacheze mara nyingi bila kulipa ndege alilazimika kuwapeleka zilipokuwa ekipe nyingine. Hesabu ya basi ilishinda hesabu ya umbali kutoka kwa mzazi.

Moncton ililipa vizuri. Msimu wa 1986 hadi 1987 kijana Brett Hull alifunga magoli 50 pale, akachaguliwa kuwa mchezaji bora mpya wa ligi, na baadaye akawa mmoja wa wafungaji wakubwa wa historia, ingawa si kwa jezi ya Calgary, iliyomuuza mapema. Kocha wa Moncton, Terry Crisp, alipandishwa Calgary mwaka 1987. Miaka miwili baadaye alinyanyua kombe la Stanley, ambalo klabu hiyo imelipata mara moja tu hadi leo. Watu husahau kwamba ekipe ya pili inalea makocha pia.

Mwaka 1987 Calgary ilihamishia vijana wake Salt Lake City, katika jimbo la Utah, ndani ya ligi nyingine iliyoitwa IHL. Sasa umbali ulipungua sana: karibu kilomita 1150 kwa ndege, kusini moja kwa moja. Mwaka 1988 Salt Lake ilichukua kombe la ligi hiyo. Na hapo ndipo kuna mfano ambao watu wa hoki huutoa wanapotaka kueleza ekipe ya pili inafaa nini. Theoren Fleury alikuwa kijana mfupi kiasi kwamba klabu nyingi hazikumtaka. Katika nusu ya kwanza ya msimu alifunga magoli 37 katika mechi 40 za Salt Lake. Siku ya mwaka mpya 1989 aliitwa Calgary, na mwezi wa tano alikuwa bingwa wa Stanley pamoja na wakubwa wake. Alitoka chini hadi kilele kwa miezi mitano.

Ungedhani baada ya hapo klabu ingetulia karibu na nyumbani. Hapana. Mwaka 1993 ilirudi tena Atlantiki, safari hii Saint John, mji wa bandari katika jimbo lilelile la New Brunswick, uliokuwa umefungua jumba jipya. Kutoka Calgary hadi Saint John ni zaidi ya kilomita 3500 kwa ndege, yaani zaidi ya mara mbili ya Goma hadi Kinshasa. Mchezaji aliyeitwa ghafla alivuka karibu bara zima na kuteremka akiwa amechoka, saa za mwili wake zikiwa za Atlantiki.

Hata hivyo Saint John ndiyo mji uliokaa na ekipe hiyo kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote: miaka kumi. Mwaka 2001 Saint John Flames walishinda kombe la Calder, ambalo ni kombe la AHL. Miongoni mwa waliopita pale ni Martin St. Louis, naye mfupi kama Fleury, ambaye Calgary haikumwona vizuri. Alicheza Saint John, akapanda na kushuka, na mwaka 2000 akaachwa aende bure. Mwaka 2004 Calgary ilifika fainali ya Stanley, ikafungwa na Tampa Bay katika mechi ya saba. Kati ya wale waliowafunga alikuwepo St. Louis. Ni vigumu kusema kama angeonekana zaidi kama wakubwa wa Calgary wangeweza kumtazama akicheza kila wiki badala ya kusoma ripoti kutoka mbali, lakini swali hilo ni la haki kuuliza.

Miaka miwili baada ya kombe, mwaka 2003, Calgary iliisimamisha ekipe ya Saint John. Jumba lilibaki. Mwaka 2005 mji ulipata ekipe ya vijana chini ya umri wa miaka 20, Sea Dogs, yenye mwenyewe wa jimbo hilohilo. Hiyo ilishinda kombe la Memorial, kombe kubwa la vijana wa Kanada, mwaka 2011 na tena 2022. Saint John ilipoteza mtoto wa mwingine na kulea wa kwake. Si kila mji ulikuwa na bahati hiyo.

Miaka iliyofuata inapita haraka, kwa sababu hakuna kitu kilichokaa. Misimu miwili vijana wa Calgary walichangia ekipe na klabu nyingine huko Lowell, Massachusetts. Mwaka 2005 kibali cha Saint John kilitolewa kabatini na kupelekwa Omaha, Nebraska, kwa jina Ak-Sar-Ben Knights, ambalo ukilisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo linakuwa Nebraska. Jina lilikuwa zuri kuliko biashara. Baada ya misimu miwili ekipe ilihamishwa Moline, Illinois, kwenye mto Mississippi, na huko nako ikakaa miwili. Mara hiyo umbali ulikuwa wa kati na mabasi yalikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kutosha kwenye viti. Mji unaojua kwamba ekipe inaweza kuondoka mwaka ujao haununui tikiti za msimu mzima kwa moyo mkunjufu, na ekipe isiyouza tikiti za msimu inaondoka mwaka ujao. Mzunguko huo ulizaa miji mitatu katika miaka sita.

Halafu ikaja Abbotsford, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilionekana wazi nani anabeba mzigo.

Abbotsford ni mji wa mashamba katika jimbo la British Columbia, karibu kilomita 70 mashariki ya Vancouver. Mwaka 2009 ulifungua jumba jipya la watu wapatao 7000, na jumba jipya bila ekipe ni deni linalokutazama kila asubuhi. Calgary ilitafuta mahali ndani ya Kanada, magharibi, karibu na nyumbani. Wakakutana. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, na ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kizito: mji uliihakikishia ekipe mapato ya dola milioni 5,7 za Kanada kila mwaka. Yakipungua, baraza la mji linajaza pengo kutoka kwenye feza ya wananchi. Ekipe ikaitwa Abbotsford Heat, joto, ili kukumbusha moto wa mzazi wake.

Kwenye karatasi mahali palikuwa pazuri. Kwenye viti palikuwa na shida mbili. Ya kwanza ilikuwa majirani. AHL ilikuwa bado ligi ya mashariki na ya kati. Mwanzoni ekipe ya karibu zaidi ilikuwa Winnipeg, zaidi ya kilomita 1500. Basi halikufaa kitu, kila safari ni ndege. Ya pili ilikuwa mioyo. Watu wa Abbotsford, kama watu wote wa bonde lile, ni wapenzi wa Vancouver Canucks, na Canucks na Flames ni mahasimu wa tangu zamani. Ni sawa na kuwaomba wapenzi wa Lupopo wajaze uwanja kila wiki kwa ajili ya vijana wa Mazembe, halafu wakikosa kuja, kodi yao ilipe. Watu walikuja kwa wingi siku vijana wa Vancouver walipotembelea, wakawashangilia wageni.

Pengo likaonekana tangu mwanzo. Baraza likalipa, mwaka baada ya mwaka, na katika msimu wa mwisho wastani ulikuwa karibu watu 3000 tu kwa mechi. Wakati huohuo Calgary haikuwa na sababu kubwa ya kulalamika: ekipe ilicheza, vijana walikomaa, na hasara haikuwa yao. Mwaka 2014 mji ulikubali kulipa dola milioni 5,5 ili mkataba uvunjwe kabla ya miaka kumi kutimia. Walilipa ili ekipe ije, na wakalipa ili iende.

Hukumu ya jambo hilo si ngumu. Klabu inapochagua mji huku mji ukibeba hasara, klabu haina haraka ya kuuliza kama watu wa pale wanaitaka. Swali la mahali linageuka swali la nani atatia sahihi. Viongozi wa Abbotsford hawakuwa wajinga. Walikuwa na jumba tupu, na mwenye jumba tupu hana nguvu mezani.

Mwaka huo 2014 ekipe ilivuka tena bara na kwenda Glens Falls, mji mdogo wa jimbo la New York ambao ulikuwa umetoka kuachwa na ekipe ya Philadelphia. Watu wa Glens Falls wanaujua mchezo: kwa miaka 20 walikuwa na vijana wa Detroit, kuanzia 1979 hadi 1999, wakashinda nao kombe la Calder mara nne. Calgary iliwaanza vibaya. Siku ya kuonyesha sanamu-hai ya ekipe, mtu aliyevaa vazi la ndimi za moto aliigiza kumpiga na kumwangusha mzimamoto. Wazimamoto na wananchi hawakucheka, ekipe ikaomba radhi, vazi likafichwa. Hata hivyo watu waliendelea kuja. Hawakujua kwamba wamepewa msimu mmoja tu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2015 klabu tano za magharibi zilitangaza kwa pamoja kwamba zinahamishia ekipe zao za pili California. Zilikuwa zimechoka na umbali. Edmonton iliondoka Oklahoma City kwenda Bakersfield; Los Angeles iliondoka Manchester, New Hampshire, kwenda Ontario ya California; Anaheim ilitoka Norfolk kwenda San Diego; San Jose ilitoka Worcester na kuwaleta vijana mjini kwake; Calgary ikatoka Glens Falls kwenda Stockton. Zilikubaliwa pia kucheza mechi 68 wakati ekipe nyingine zinacheza 76, ili vijana wapate siku nyingi zaidi za mazoezi. Kwa wakubwa wa magharibi ilikuwa akili. Mwite mchezaji saa nne asubuhi, saa kumi yuko kwenye jumba.

Kwa miji iliyoachwa ilikuwa kitu kingine. Manchester ilicheza msimu wake wa mwisho ikijua inaondoka, na mwezi wa sita ikashinda kombe la Calder. Ilinyanyua kombe, ikafunga milango. Miji mitatu kati ya mitano ilipewa ekipe za ligi ya tatu kama kifuta machozi. Glens Falls ilipewa ile iliyokuwa Stockton: ekipe mbili zilibadilishana miji, kama watu wawili wanaobadilishana nyumba huku wapangaji wa pande zote wakiwa hawajaulizwa. Ekipe ya ligi ya tatu ya Manchester ilikufa mwaka 2019. Ile ya Glens Falls iko hai, na sababu yake ni muhimu: umoja wa watu wa pale pale ulichukua usimamizi wa jumba, na baadaye ukaichukua ekipe yenyewe kutoka mikononi mwa Calgary.

Habari hii inagusa familia nyingi za Kivu na Katanga zaidi ya inavyoonekana. Kanada na Marekani zimepokea maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo, na wengi hawakuwekwa New York wala Los Angeles. Waliwekwa katika miji ya kati yenye nyumba za bei nafuu na viwanda vinavyotafuta mikono, kama Manchester, Portland ya Maine au Grand Rapids ya Michigan. Hiyo ndiyo hasa miji ya ekipe za pili. Portland nayo ilipoteza ya kwake mwaka 2016, ikapelekwa Springfield. Ekipe ikiondoka, mechi zaidi ya 30 za nyumbani zinaondoka nayo, na pamoja nazo kazi za jioni za kufagia, kuuza chakula, kulinda magari na kusimama mlangoni. Kuhama huku, bila shaka, hakulingani na kuhama kwa kukimbia risasi. Mchezaji anahama na mshahara wake na daktari wake. Lakini anayefagia jumba haendi naye.

Grand Rapids yenyewe inaonyesha njia nyingine. Iko karibu kilomita 250 kwa barabara kutoka Detroit, katika jimbo lilelile, kati ya watu ambao tayari wanaipenda Detroit. Ekipe yake, Griffins, ina wenyewe wa pale mjini. Detroit inaleta wachezaji na makocha, haileti amri ya kuhama. Tangu 2002 ushirika huo haujavunjika, na umezaa makombe mawili ya Calder, 2013 na 2017. Umbali mfupi, wapenzi wa aina moja, mwenye ekipe anayeishi mtaani. Vitu hivyo vitatu ndivyo Calgary ilivyokuwa ikivipata kimoja kimoja na kukosa vingine.

Stockton ilikuwa na kimoja na nusu. Mji ule ulikuwa umejenga jumba lake mwaka 2005 kwa mkopo, na mwaka 2012 ukashindwa kulipa madeni yake yote na kwenda mahakamani kutangaza kufilisika, mji mkubwa zaidi wa Marekani kufanya hivyo hadi Detroit ilipoupita mwaka uliofuata. Ulitoka katika hali hiyo mapema 2015, karibu wakati uleule Heat ilipotangazwa. Safari za ndani ya California zilikuwa za basi, na hilo lilikuwa zuri. Lakini kati ya Stockton na Calgary kulikuwa na mpaka wa inchi mbili.

Katika miaka ya kawaida mpaka ni foleni tu. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, na mpaka ukafungwa. Mchezaji aliyeitwa kutoka Marekani alilazimika kukaa peke yake kwa siku kadhaa kabla ya kuingia uwanjani. Ekipe ya pili iliyo ng'ambo ya mpaka uliofungwa ni kama ghala ambalo ufunguo wake uko kwa jirani. Kwa hiyo msimu wa 2020 hadi 2021 Stockton Heat ilicheza Calgary, ndani ya Saddledome, jumba la mzazi wake, ikiwa bado na jina la mji ambao haikuukanyaga.

Ule ulikuwa mpango wa dharura, lakini uliwaonyesha wakubwa kitu. Makocha wa juu walishuka ngazi na kutazama mazoezi ya vijana. Aliyeitwa alihamisha viatu vyake kutoka chumba kimoja hadi kingine. Vancouver nayo ilikuwa imejifunza hivyohivyo. Tangu 2013 iliweka vijana wake Utica, New York, upande wa pili wa bara, na wakati wa korona ikabaki ikiwatazama kutoka ng'ambo. Mwaka 2021 iliwaleta Abbotsford, katika jumba lilelile walimowahi kukataliwa vijana wa Calgary. Safari hii jezi ilikuwa ya rangi iliyopendwa. Mwaka 2025 Abbotsford Canucks walishinda kombe la Calder. Utica, kwa upande wake, haikubaki mikono mitupu: New Jersey ililetea vijana wake pale, na jina la Comets likabaki mjini.

Basi mwaka 2022 Calgary ikafanya kama Vancouver, na zaidi. Haikutafuta mji wa karibu. Ilichukua Calgary yenyewe. Ekipe ikaitwa Wranglers, jina la wachunga ng'ombe, na Saddledome ikawa nyumba ya ekipe nne za mwenye mmoja: wakubwa, vijana wa AHL, ekipe ya chini ya miaka 20, na ekipe ya lakrosi. Si kila mtu aliyeona faida ya kibiashara. Jumba lile lina viti karibu 19.000, na mechi ya ligi ya pili katika mji unaoweza kuona ligi kubwa haiwezi kuvijaza. Klabu ilikubali viti vitupu. Hasara ya viti hivyo ingekuwa yake mwenyewe, na ilichagua kuilipa ili vijana wawe karibu.

Edmonton, jirani na hasimu wake wa jimbo moja, haijafuata. Vijana wake wako bado Bakersfield, na klabu hiyo imefika fainali ya Stanley mara mbili mfululizo, 2024 na 2025. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ukaribu peke yake unaleta makombe.

Stockton, baada ya kuachwa, ilibaki na ekipe ya mpira wa kikapu, Stockton Kings, ambayo nayo ni ya pili kwa klabu kubwa, lakini klabu hiyo iko Sacramento, safari ya saa moja kwa gari. Watu wanaweza kumwona kijana Jumanne nyumbani na kumfuata juu Ijumaa.

Kati ya waliohama kutoka Stockton kwenda Calgary alikuwa kipa mmoja, Dustin Wolf, mzaliwa wa California. Alikuwa amechaguliwa kipa bora wa AHL akiwa Stockton, katika jimbo alikozaliwa. Msimu uliofuata, akiwa Wranglers, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, na ekipe yake ikamaliza na pointi nyingi kuliko zote. Mara kadhaa aliitwa juu na kurudishwa chini, bila kupanda ndege, bila kufunga sanduku. Msimu wa 2024 hadi 2025 alikuwa kipa wa kwanza wa Calgary Flames.